Kiinua mgongo changu, pori la eka 30 na trekta kuukuu

BARUA

Ndugu mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu mwaka jana, naishi Handeni mkoani Tanga. Marehemu mume wangu ameniachia shamba la eka 30 huko kijijini kwao. Mirathi ilishakwisha mahakamani, shamba ni langu na watoto, hapo hakuna mgogoro. Zamani tulikuwa tunalima mahindi na ufuta. Alipoanza kuugua tukasimamisha kilimo, na baada ya msiba sikuwa na nguvu ya kurudi. Huu ni mwaka wa tisa shamba limelala, na sasa ni pori. Migunga mingine huwezi kuizungushia viganja viwili vikakutana. Mkulagembe, kile kichaka cha miba, umejaa hadi ng'ombe wa majirani wanapita kwa kuzunguka. Hata mpaka naukisia tu.

Baada ya kumalizia nyumba na kulipa ada ya mtoto wa mwisho, kiinua mgongo changu kimebaki shilingi milioni 24. Nataka nilime tena, maana pensheni ya mwezi haitoshi na kukaa tu nyumbani kunanizeesha.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye ameendesha malori miaka mingi, ananishauri ninunue trekta. Anasema tutafyeka wenyewe, tutalima wenyewe, halafu msimu ukifika tutakodisha kwa majirani na hela itakuwa imerudi ndani ya miaka miwili. Ameshampata dalali Morogoro mwenye Massey Ferguson 165 pamoja na jembe la sahani tatu, kwa milioni 16. Wiki iliyopita tulikwenda kuliangalia.

Mimi matrekta siyajui, lakini nimesahihisha madaftari maisha yangu yote na mtoto akinakili kazi ya mwenzake huwa najua. Basi nikaangalia. Rangi ni mpya, nyekundu inang'aa, hadi kwenye vichwa vya nati. Tulipofika tulikuta injini inaunguruma, dalali akasema walikuwa wanalipasha moto kwa heshima yetu. Jembe likanyanyuka, lakini kwa kushtukashtuka, linapanda linasita. Kisha kijana wao akachomoa kijiti cha kupimia oili, upande wa kulia karibu na kiti, na nikaona ile oili ina rangi ya chai ya maziwa. Nikauliza. Dalali akacheka: "Mama, hiyo ni oili ya haidroliki, ndivyo ilivyo." Shemeji naye akaniambia tusiwachoshe watu kwa maswali. Kadi ya trekta ina jina la mtu mwingine ambaye, wanavyosema, yuko nje ya nchi.

Vijana wa kijijini wananitajia 150,000 kwa eka, kufyeka pamoja na kung'oa visiki. Trekta la kukodi ni 60,000 kwa eka, ila ni mpaka usubiri zamu, na mvua zikianza wenye matrekta hawapokei simu. Hapo ndipo shemeji ananishinda kwa hoja.

Dalali anataka kianzio cha milioni 2 kabla ya Ijumaa, eti kuna mteja wa Ifakara analitaka. Ninunue? Nisiponunua, shamba nalisafishaje? Na shemeji nimwambieje? Tangu msiba yeye ndiye aliyesimama na mimi, sipendi aone namdharau.

Mwalimu mstaafu, Handeni

JIBU

Mwalimu, shikamoo.

Kianzio usitoe. Huyo mteja wa Ifakara kila dalali nchini anaye. Wengine humwita mteja wa Mbeya, wengine Mkongo mwenye dola mkononi. Na ikiwa kweli yupo na akalichukua, basi na alichukue. Matrekta kuukuu hayajawahi kuisha Morogoro.

Barua yako ina kazi mbili zilizofungwa kamba moja: kusafisha pori na kulima. Shemeji anaziona ni kazi moja kwa kuwa zote zinafanyika shambani. Trekta la magurudumu limeundwa kwa hiyo ya pili. Ya kwanza inafanywa na watu wenye shoka na sururu, au na mitambo ya mnyororo, bulldoza au ekskaveta. Ukilipeleka la kulimia likafanye kazi ya bulldoza, pesa yako itaishia kwa fundi kabla hujapanda punje moja.

MF 165 ilitoka kiwandani kuanzia 1964 hadi katikati ya miaka ya 1970. Injini yake ni Perkins ya silinda nne, nguvu ya farasi 60 hivi. Hata lile changa lina karibu nusu karne. Silidharau hata kidogo. Halina kompyuta, fundi wa kijijini analifungua chini ya mwembe, spea zake zinapatikana, na kwenye ardhi safi linavuta sahani tatu vizuri tu. Ila liingize kwenye migunga ya miaka tisa. Radieta iko mbele, ndiyo inayopokea matawi kwanza. Chini ya tumbo hakuna kinga ya maana, kwa hiyo kisiki kinachopita katikati ya magurudumu kinaonana ana kwa ana na sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini. Tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu ya mbele, zinapinda. Valvu za matairi zinakatwa na matawi. Mwiba wa mgunga kwenye tairi la mbele utazibwa kiraka, lakini tairi la nyuma likichanwa ubavuni na kisiki, hapo ni kununua lingine, na tairi la nyuma la trekta si bei ya tairi la gari.

Jambo linalofuata naomba umsomee shemeji neno kwa neno. Watu wakishindwana na kisiki hufunga mnyororo kwenye trekta ili wavute. Mnyororo ukifungwa juu, kwenye mkono wa juu wa lifti inayonyanyua jembe au kwenye ekseli, kisha kisiki kikagoma, magurudumu ya nyuma yanakosa pa kwenda. Kinachozunguka sasa ni trekta lenyewe. Pua inanyanyuka, linapinduka kinyumenyume na kumlalia dereva. Ni kufumba na kufumbua, klachi haiwahiwi. Kuendesha lori miaka mingi hakumfundishi mtu jambo hili, kwa sababu lori halifanyi hivyo. Sweden ilianza kulazimisha fremu ya kumkinga dereva kwenye matrekta mapya tangu 1959, Uingereza ikafuata mwaka 1970. Hilo mliloliona lina fremu nyuma ya kiti? Hukuitaja, na kwa umri wake nina shaka. Ikibidi kabisa kuvuta kitu, mnyororo unafungwa chini kwenye chuma cha kuvutia tela, trekta linaondoka taratibu kwa gia nzito, na hakuna mtu anayesimama kwenye mstari wa mnyororo. Ukikatika unarudi kwa nguvu ya kuvunja mguu.

Nchi yetu ilishajaribu kufyeka pori kwa mitambo ya mkono wa pili, tena kwa fedha za serikali ya Uingereza. Mpango wa Karanga, yaani wa kulima karanga kwa mashamba makubwa, ulianzia Kongwa mwaka 1947, ukilenga eka zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Vita ilikuwa imekwisha juzijuzi na mitambo mipya haipatikani, wakanunua matrekta ya mnyororo yaliyoachwa na majeshi huko Ufilipino. Baadaye wakageuza hata vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Spea hazikuwepo, madereva wengi ndio kwanza wanajifunza, mizizi na mibuyu haikuwa na haraka. Haikuchukua muda sehemu kubwa ya mitambo ikawa imelala karakana. Mwaka 1951 mpango ukafungwa ukiwa umekula karibu pauni milioni 36. Na ile ilikuwa mitambo ya kubomolea kweli.

Haya Mwalimu, shika chaki. Eka 30 mara 150,000 ni milioni 4.5. Kulima eka 30 mara 60,000 ni milioni 1.8. Jumla milioni 6.3, pori limeondoka na shamba limelimwa. Trekta ni milioni 16 kabla halijagusa udongo, bado kulibeba kwa lori kutoka Morogoro, bado betri, oili, machujio, na chochote kilichojificha chini ya ile rangi. Na vijana wa kung'oa visiki utawahitaji vilevile.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu wengi hawaipigi. Trekta la nguvu hiyo na sahani tatu, udongo ukiwa wa kawaida, linalima kama eka tano au sita kwa siku. Shamba lako lote, basi, ni kazi ya wiki moja. Ukilima vuli na masika ni wiki mbili kwa mwaka. Wiki 50 zinazobaki ama linakaa kivulini ama linafanya kazi za wengine. Kwa hiyo anachokushauri shemeji, pengine bila mwenyewe kutambua, ni kufungua biashara ya kukodisha trekta. Ni biashara halali na wapo waliojengea nyumba. Lakini biashara hiyo ina dereva na posho yake, ina utingo, ina dizeli lita sita hadi kumi kwa kila eka kutegemea udongo, ina fundi, ina wateja wanaoahidi kulipa wakivuna. Daftari atashika nani? Na mvua zikianza, kijiji kizima kikilitaka kwa wiki ileile, litaanza kwako au kwa aliyelipa taslimu? Hofu yako ya kusubiri zamu haiondoki kwa kununua trekta. Inageuka tu: sasa ni wewe usiyepokea simu.

Sasa hilo la Morogoro. Pamoja na kusema matrekta huyajui, umeona vya maana kuliko shemeji, kwa hiyo tuvipitie, maana siku moja vitakufaa.

Nianze na oili ya rangi ya chai. Kijiti cha karibu na kiti ni cha oili ya gia boksi, difu na haidroliki. Kwenye hizi Massey vyote vinatumia oili moja, na pampu ya haidroliki imekaa humohumo ndani. Oili nzima hupenyeza mwanga ukiiweka kwenye kidole. Ikiwa na wingu jeupe, imeingiwa na maji. "Ndivyo ilivyo" ni uongo, hata kama umesemwa kwa kicheko. Mara nyingi ni maji ya mvua yanayopitia kwenye raba za fimbo za gia zilizochanika, kwa sababu trekta linalazwa nje. Kama ni hivyo tu, unamwaga oili, unasafisha, unabadili raba, mambo yanakwisha. Lakini maji yakikaa muda mrefu yanakula bearing na pampu kwa kutu, na wewe umeliona jembe likipanda kwa kushtukashtuka. Vitu viwili hivyo vikiwa pamoja, mimi nahisi pampu imechoka. Kuifikia ni lazima mfuniko wote wa lifti ung'olewe, ndiyo kazi ya fundi ya siku kadhaa. Kile kijiti kingine, cha injini, je, walikuonyesha? Chai ya maziwa kwenye injini ni habari mbaya zaidi: gasketi ya silinda hedi au maji kupenya kwenye slivu, yaani kuta za silinda, na hapo injini inafunguliwa.

Kulikuta linaunguruma si heshima kwa mgeni. Injini ya dizeli iliyochoka inaficha uchovu wake ikiwa ya moto. Asubuhi ya baridi ndipo inapotaka kusukumwa, au kuwekewa kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa hewa. Anayenunua trekta kuukuu anafika bila kutoa taarifa, na kabla mtu hajagusa ufunguo anaweka kiganja kwenye ubavu wa injini. Ikiwa ya baridi, liwashwe mbele yako. Moshi mweupe kidogo ukapotea, sawa. Moshi wa bluu usiokwisha maana yake linachoma oili. Mweusi likiwa kwenye kazi nzito maana yake hewa haitoshi au nozeli za kupulizia dizeli zimechoka. Kisha, injini ikinguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili: moshi ukitoka kwa kupuliza puu puu, ringi na slivu zimekwisha, usikubali kuambiwa ilifunguliwa na kufungwa upya juzi.

Kuna sehemu moja ambayo wapaka rangi huisahau, nayo ndiyo ninayoiamini kuliko zote: bakuli la chujio la hewa. Nyingi ya injini hizi hazina chujio la karatasi, hewa inapitishwa kwenye bakuli la oili ili vumbi libaki humo. Lifungue. Ukikuta oili nyembamba na tope kidogo chini, mwenye trekta alikuwa mtu wa kujali. Ukikuta tope kavu lililoganda hadi juu, jua vumbi lote la misimu iliyopita limepita kwenye silinda, na rangi nyekundu haiponyeshi hilo. Baada ya hapo jeki inainua mbele, unatikisa gurudumu kwa mikono miwili. Likicheza, king pini na bushi, yaani viungo linapogeukia gurudumu, zimekwisha.

Kadi ndiyo ingetosha kunirudisha nyumbani bila kuangalia injini. Mwenye jina yuko nje ya nchi, anayeuza ni nani? Namba za chesisi na injini zisomwe kwenye chuma, zilinganishwe na kadi, kadi ihakikishwe TRA, Mamlaka ya Mapato, na anayesaini mkataba awe mwenye jina au mtu mwenye hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa na wakili. Chini ya hapo unanunua kesi.

Tuje kwenye pori. Usianze na eka 30, anza na 10. Na kabla ya panga la kwanza, ita majirani na mwenyekiti wa kitongoji mtembee mpaka wote, mpige alama. Umesema unaukisia, jirani naye anaukisia, na kila mwaka wa pori kisio lake linasogea. Kama shamba halina hati ya kimila, anza kuifuatilia sasa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inazungumzia pia ardhi iliyotelekezwa, na sipendi mtu aje kukunong'onea habari hizo siku umeshatumia milioni za kufyeka.

Muda mzuri ni masika yakiwa yanaishia, mwezi wa sita hivi. Udongo bado una unyevu, mzizi unatoka. Ukingoja mwezi wa tisa unapigana na jiwe. Vijana uwalipe kwa eka iliyokwisha, baada ya wewe mwenyewe kuitembea kwa miguu, usilipe kwa siku. Waambie jambo moja ambalo wasipoambiwa hawalifanyi: mti wa kung'olewa usikatwe kwenye usawa wa goti. Ama waache shina refu kufika kifuani, ili wakishachimba na kukata mizizi ya pembeni walitumie kama wenzo wa kuuangusha mti na kisiki chake, ama wachimbe kabisa na kukata chini ya udongo. Kisiki cha goti kilichokatwa mshazari kwa panga ndicho kinachopasua matairi, na cha kuudhi zaidi kinafichwa na majani.

Mkulagembe ni kesi ya peke yake. Ukikatwa tu unarudi kwa wingi kuliko ulivyokuwa, kwa sababu machipukizi yanatoka kwenye mizizi iliyotambaa chini, na jembe la sahani likiikatakata mizizi hiyo bila kuitoa unaweza kujikuta umepanda mkulagembe kwa mistari. Unachimbwa, mizizi inakusanywa, na mwaka wa pili unarudiwa ukiwa bado mchanga. Mbuzi wanasaidia sana hapo. Kama mfukoni una pesa ya kung'oa tu na huna ya kurudia mwaka wa pili, punguza eka.

Miti mikubwa iache. Mkwaju na mbuyu katikati ya shamba vinazungukwa na trekta, na gharama ya kuviondoa haitarudi kwa gunia la mahindi. Kwenye vichaka vizito kabisa vya migunga, kama kuna ekskaveta inafanya kazi ya barabara jirani, ulizia bei ya saa chache. Inang'oa kisiki, inakikung'uta udongo, inakiweka pembeni. Bulldoza ni rahisi kupatikana lakini ina tabia ya kukwangua udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, na kuurundika pamoja na miti kwenye kingo. Ukiikodi, simama hapo mwambie opereta aning'inize lile bamba la mbele la kusukumia juu ya ardhi kidogo. Atanung'unika, lakini atafanya.

Moto usiwashwe kabla ya kumuona mtendaji wa kijiji na kupata kibali, na uchomwe kwenye marundo yaliyozungukwa na ardhi tupu. Kuchoma pori zima kwa mkupuo, kwa upepo wa Handeni, ni kwenda kulipa mashamba ya watu. Kuni unaweza kuwaachia vijana kama sehemu ya malipo na bei ikashuka. Mkaa una kibali chake kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, usikubali mtu akuchomee "kimya kimya" shambani kwako, maana atakayeulizwa ni mwenye shamba.

Kulima mara ya kwanza kodi jembe la sahani, kwa sababu sahani inapanda juu ya mzizi uliobaki badala ya kuung'ang'ania. Kuhusu simu zisizopokelewa: waendee wenye trekta kiangazi, siyo mvua zikiwa mlangoni. Kusanya majirani wawili watatu mfikishe eka 20 au 30 za pamoja, mlipe sehemu mapema kwa maandishi. Dereva anapenda kazi nyingi mahali pamoja kuliko eka moja hapa na moja kule, atakuja kwenu kwanza. Mwaka huo wa kwanza panda mahindi au mbaazi. Ufuta una mbegu ndogo, unataka ardhi laini iliyopigwa vizuri haro, zana ya kulainisha mabonge, uachie mwaka wa pili au wa tatu. Na ukija kukodi slasha ya kufyekea machipukizi, kumbuka shafti inayoizungusha inapiga mizunguko 540 kwa dakika, yaani tisa kwa sekunde. Ikiwa haina kasha la kuifunika, asikaribie mtu yeyote, na wewe Mwalimu na kanga yako usikanyage kabisa upande huo.

Shemeji mwambie ukweli, tena kwa heshima na kwa hesabu zile za chaki, siyo kwa kusingizia ada ya mtoto. Mtu mzima aliyesimama na wewe msibani anastahili kuelezwa sababu. Kisha mpe kazi: asimamie vijana, apime eka zilizokwisha, azungumze na wenye trekta, na alipwe kwa hiyo kazi, iandikwe. Eka 30 zikishakuwa safi na biashara ya kukodisha bado inamkaa moyoni, mwambie alete na yeye fungu lake, mwandikishane, kadi iwe na majina yanayoeleweka. Nimeona watu wengi wakibadili maoni kuhusu trekta pale pesa yao wenyewe inapoingia mezani. Na muulize, mkiwa wawili tu, kama dalali amemwahidi chochote. Madalali huwapa kitu wanaoleta wateja. Kwa wengine hilo ni jambo la kawaida wala si wizi, lakini linaeleza kwa nini mtu anaona maswali yako yanachosha.

Ijumaa dalali akipiga simu, usibishane naye. Mwambie unataka kadi yenye jina la anayeuza, trekta lilale usiku kucha bila kuwashwa, fundi wako wewe, siyo wake, afike saa moja asubuhi na amwage oili yote ya nyuma mbele yenu. Akikubali yote hayo, niandikie tena tuzungumze bei.